Mwaka Nilipolifuta Ziwa

Mwezi uliopita Mama Kusum alitualika chakula cha mchana, sisi wapangaji wake wa zamani, kwa sababu alikuwa anaiacha nyumba yake ya Mirongo na kuhamia Dar es Salaam kwa binti yake. Ana miaka themanini na mbili sasa, na zile ngazi zimeanza kumshinda. Tulikuwa wengi mezani, lakini niliyemtafuta kwa macho nilipoingia ni Pendo, ambaye zamani tulikaa naye chumba kimoja ghorofani na ambaye alikuwa amesafiri kutoka Bukoba kwa ajili ya siku hiyo. Ameota mvi mbele, ila kicheko ni kilekile cha kuwashtua majirani. Wali ulipofika, na ile dengu ya Mama Kusum yenye limau na pilipili nzima ikielea juu, mwenyeji wetu akamgeukia mkwewe, mume wa binti yake, akaninyooshea kijiko. "Huyu Kabula," akasema, "ndiye aliyelifuta ziwa langu." Mkwe akanitazama mimi, kisha akatazama dirishani, upande ambao ziwa bado lilikuwepo, likimeta kati ya mapaa. Tulicheka hadi Pendo akapaliwa. Wengine mezani walicheka bila kujua wanacheka nini, na nadhani mkwe yule mpaka leo hajui. Niliporudi kwangu nilivaa miwani yangu ya kusomea, nikaketi, nikaanza kuandika.

Nilikuwa na miaka ishirini na minane, nikifanya kazi kwenye steshenari moja ya katikati ya mji, kutoa fotokopi na kuchapa barua za watu. Baada ya kazi nilikuwa natengeneza gemu za simu, peke yangu, kwenye laptopu niliyoinunua ikiwa imeshatumiwa na mtu mwingine. Gemu yangu ya kwanza ilikuwa ya kuruka kutoka jiwe moja hadi jingine, na kwa kuwa mji wetu una mawe kila upande, watu waliipenda kuliko nilivyotarajia. Ndipo nikapata kichaa cha kutaka kuacha kazi. Bosi wangu, mtu mwenye huruma asiyependa kuonekana ana huruma, alinisikiliza huku akibadilisha wino wa mashine. "Nafasi yako nitakuwekea mwaka mmoja," akasema. "Mwakani mwezi kama huu, uje uniambie umekuwa nani." Nilitoka pale nikiwa na miezi kumi na miwili mikononi na wazo moja kichwani. Gemu yangu ya pili itahusu wanawake wanaoanika dagaa ufukweni: unaanika, unafukuza korongo wanaokuja kuiba, unatazama mbingu, na mvua ikikaribia unakimbia kuanua kabla mzigo haujaloa. Jina lake niliona liwe Anua. Kila mtu aliyekulia Kanda ya Ziwa amewahi kupigiwa kelele neno hilo.

Tatizo likaja kabla hata sijachora dagaa mmoja. Gemu hutengenezwa ndani ya programu inayoitwa injini. Injini inakupa tayari namna ya kuweka picha, kupiga sauti, kufanya kitu kidondoke kikiachiwa, ili usianze kila jambo na sifuri. Ukishaijua injini moja unaizoea kama jiko la kwenu. Unajua hata gizani chumvi iko wapi. Sasa, waliotengeneza injini niliyoizoea walitangaza kwamba wanafunga, hawataiendeleza tena. Jiko langu likabomolewa. Ikabidi nichague jipya, na mbele yangu zilibaki mbili, ambazo Pendo, aliyechoka kusikia majina yao ya Kizungu, alizibatiza Kubwa na Ndogo. Kubwa ilikuwa inatumiwa na kampuni za watu wazito duniani. Ilikuwa na masomo ya video yasiyo na mwisho na uwezo wa kuchora maji mpaka ukatamani kunawa. Ndogo ilikuwa ya bure, imetengenezwa na watu wanaojitolea, maelezo yake yamejaa viraka, na kwa sura haikumtisha mtu.

Nilichagua kwa wiki tano. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Niligeuza kalenda ya ukutani, nikaandika nyuma yake sifa za Kubwa upande wa kushoto na za Ndogo upande wa kulia, nikawa naongeza, nafuta, naongeza. Asubuhi nilikuwa mtu wa Kubwa, mchana nikisoma mabishano ya wataalamu mtandaoni nahamia Ndogo, jioni narudi. Pendo alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha sabuni kule Nyakato, na alirudi akinukia vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kuishi naye. Siku moja alivua viatu, akasimama mbele ya ile kalenda, akaisoma kuanzia juu mpaka chini huku ameshika kiuno.

"Kabula, mwenzangu, hivi unachagua injini au mume?"

"Injini. Nikikosea ndiyo mwaka wote umekwenda."

"Basi mimi mume nitamchagua kwa muda mfupi kuliko huu," akasema, akaenda kumenya ndizi.

Na kweli, alipokuja kumpata alimchagua kwa wiki mbili, na wapo pamoja mpaka leo.

Mwishoni nilichagua Kubwa, na sikuichagua kwa sababu yoyote iliyoandikwa kwenye kalenda. Niliona video ya mtu aliyetengeneza ziwa wakati wa macheo, mawimbi yakivunjika juu ya mawe, nikasema moyoni kwamba mimi nina ziwa la kweli mlangoni, nitashindwaje? Ilikuwa ni fahari tu. Nilitaka mtu wa mbali aione kazi yangu aulize imetengenezwa na kampuni gani. Kwa miezi minne nikatengeneza ziwa. Nilikwenda kuyatazama maji saa mbalimbali, nikarudi kuyachora. Nilipata ile rangi ya shaba inayokaa juu ya maji dakika chache tu, nikapata na ukungu, na mvua inayotembea kutoka Ukerewe kama pazia linalovutwa. Dagaa walikuwa bado hawajafanya lolote. Wanawake walikuwa bado hawana miguu. Lakini ziwa lilikuwa ziwa, na feni ya laptopu ilinguruma kutwa kama mashine ya kusaga.

Mama Kusum ndiye aliyekuwa mpenzi mkubwa wa ziwa hilo. Alizaliwa mjini humuhumu. Duka la vitambaa lililo chini ya nyumba lilianzishwa na baba mkwe wake, na wateja wake waliotoka vijijini aliwasemesha Kisukuma kilichonyooka kuliko changu mimi Msukuma. Baada ya kufunga duka mchana kwa ajili ya chakula alikuwa anapanda ngazi na sahani ya kachori, anaketi kwenye kitanda cha Pendo, ananiambia, "Nifungulie ziwa." Nikimfungulia, anatazama kimya. Mara nyingine alizungumza, si na mimi hasa. Alisema marehemu mumewe alikuwa anampeleka ufukweni kila Jumapili na hawakuwahi kuingia majini hata siku moja, walikuwa wanatazama tu, kisha wanarudi kula. Alisema maji yangu yamepatia isipokuwa upande wa kushoto, ambako yana haraka mno. Nikayapunguza haraka. Hakuniuliza kamwe gemu yenyewe inachezwaje.

Mwezi wa tano wa mwaka wangu ulipokwisha nikaamua kuiweka gemu kwenye simu ili nijaribu. Simu yangu ilikuwa ya kizamani sana, kwa hiyo nikamwomba Pendo yake, aliyoinunua kwa kudunduliza na aliyoivalisha kasha lenye maua. Tuliketi sakafuni tukaisubiri gemu ifunguke. Tukasubiri. Pendo akainuka akakoroga chai, akarudi, bado. Hatimaye ziwa likatokea, likatikisika mara moja, likaganda, na simu ikaanza kupata joto kiasi cha Pendo kuibadilisha mkono. "Hii sasa ni pasi," akasema. Kisha ikazimika. Ilipowaka tena baada ya kupoa Pendo akanigeukia: "Kwani hao mama zako wa dagaa wana simu gani?"

Sikujua. Miezi mitano nilikuwa natengeneza gemu juu ya watu ambao sikuwahi kuwauliza hata swali moja.

Nikaenda Igombe, kwenye mwalo wa wavuvi, ambako dagaa huanikwa juu ya vichanja na juu ya nyavu zilizotandazwa mchangani. Huko nikamkuta mama mmoja mpana wa mabega, mwenye kitenge cha bluu, akigeuza dagaa wake kwa reki ya mbao huku akigombana na korongo kana kwamba ni jirani yake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza mimi ni binti wa nani na nimetumwa na nani. Nilipomwambia jina langu akaacha reki. Kwa Kisukuma, Kabula ni mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua.

"Kabula! Na unakuja kwenye dagaa zangu na jina hilo? Unataka kuninyeshea?"

Huyo ndiye Mama Nyamizi. Nilikaa naye siku nzima. Nilimweleza habari ya gemu, akafurahi kwa dhati, akawaita wenzake waje kusikia kwamba kuna binti anawatia kwenye simu. Akatoa simu yake mfukoni, imefungwa kwa raba ili betri isidondoke, akanipa. Nikaanza kumrushia gemu. Simu ikakataa, maandishi yakasema nafasi haitoshi. Nikamwonyesha, akachukua kitambaa akafuta vidole vyake, akasema, "Subiri basi, nifute picha." Nikaona kwenye kioo ni picha gani. Zilikuwa za mtoto mchanga, nyingi, zote karibu zinafanana: mtoto amelala, mtoto kwenye beseni, mtoto na kofia. "Mjukuu wangu," akasema, "yuko Geita na mama yake, wananitumia. Watatuma nyingine." Na kidole chake kikawa tayari kimegusa ya kwanza.

Nikamshika mkono. Sikufikiri, nilimshika tu. "Usifute, mama. Tafadhali. Gemu haijakamilika. Nitaleta nyingine iliyo nyepesi."

"Una uhakika? Mimi sioni shida."

"Usifute."

Siku hizi vijana huniandikia wakiniuliza injini ipi ni bora, na naona wengi wanatarajia niwape jina. Siwapi. Nawauliza nani atakayecheza, yuko wapi, na simu yake imebakiwa na nafasi gani. Wengine hukasirika, wanadhani nawaficha siri. Kubwa haikuwa na kosa lolote. Ilifanya kila nilichoiomba, na kuna gemu nzuri sana ambazo bila hiyo zisingekuwepo. Ila mimi nilikuwa nimeomba kitu ambacho, ili kiingie, picha ya mtoto kwenye beseni ilipaswa kutoka. Yale mawazo ya wiki tano, kalenda nzima kushoto na kulia, yaliisha pale mchangani kwa muda usiozidi ule wa kufunga raba kwenye simu.

Niliporudi jioni ile nilimkuta Pendo jikoni, yaani kwenye ile kona yenye jiko, akipika ndizi na maharage. Nikamwambia naanza upya, na Ndogo, na kwamba ziwa halihamishiki kutoka injini moja kwenda nyingine, ni kazi ya miezi minne inayopotea. Nilitarajia anionee huruma. Alionja maharage, akaongeza chumvi.

"Imebaki miezi mingapi?"

"Saba."

"Basi anza leo kabla haijawa sita. Lakini kula kwanza."

Laptopu yangu haikuwa na nafasi ya kuziweka zote mbili, kwa hiyo kesho yake asubuhi nilifuta Kubwa na kila kilichokuwa ndani yake. Mchana Mama Kusum akapanda na kachori zake, akaketi, akasema nimfungulie ziwa. Nikamwambia halipo tena. Alishusha sahani magotini. Hakukasirika. "Ungeniita," akasema, "hata nikaliaga." Mpaka sasa, katika maamuzi yote ya mwaka ule, hilo ndilo ninalolijutia, kwamba sikumwita. Ilikuwa ni suala la kushuka ngazi kumi na nne na kugonga mlango.

Lakini furaha iliyofuata sijui niielezeje. Ndogo ilikuwa inafunguka kabla sijamaliza kuvuta kiti. Feni ya laptopu ikanyamaza, na kwa mara ya kwanza tangu niache kazi nikaanza kukisikia chumba changu: mkasi wa Mama Kusum ukikata kitambaa kule chini, wateja wakibishana kama rangi hii ni ya zambarau au ni ya damu ya mzee, muuza kahawa akigonganisha vikombe. Pale ambapo maelezo ya Ndogo yalikuwa na kiraka, niliwaandikia wale watu wanaojitolea, na siku mbili baadaye mtu wa nchi nisiyoijua alikuwa akinijibu kwa upole kama mwalimu wa shule ya msingi. Dagaa wangu sasa alikuwa mstari mmoja mfupi wa rangi ya fedha, nilimchora kwa dakika moja. Ziwa likawa utepe wa bluu juu ya kioo, basi. Mvua nayo nilijifunza kwa Mama Nyamizi na wenzake, maana nilirudi Igombe mara nyingi, nikawa nasikiliza mazungumzo yao huku najifanya nachora. Hawakuwa wanaiangalia mvua. Walikuwa wanaongea habari za send-off, sherehe ya kumuaga binti wa mwenzao anayeolewa, na katikati ya sentensi mmoja anasema, "Upepo umegeuka," na wote wanainuka. Wanaijua kwa ubaridi shingoni na kwa sauti ya mabati ya kibanda. Kwa hiyo kwenye gemu yangu mvua haikuonekana kabisa mpaka imeshafika. Ilisikika. Mchezaji alipaswa kutega sikio.

Sauti nilizirekodi mwenyewe, na sauti ya kupiga kelele nilimpa Pendo. Ilikuwa Jumamosi, jua kali, anga haina hata wingu la kupoozea. Nilimweka dirishani ili sauti isigonge kuta, nikamwambia apige kelele kama mtu aliyeona mvua kweli. Pendo hakuwa mtu wa kufanya jambo nusu. Alivuta pumzi, akaachia: "Anueniii! Jamani anueniii!" Chini yetu Mirongo nzima ikaamka. Milango ikafunguka, wanawake wakatoka mbio, mmoja ana povu mikononi, mwingine anakumbatia mashuka na vibanio vyake, mzee mmoja akatoka kuokoa godoro. Dakika moja baadaye kamba zote zilikuwa tupu na watu wamesimama uani wakitazama juu, kwenye bluu tupu. Kisha wakatazama dirishani kwetu. Tulikuwa tumeshalala sakafuni, tumeziba vinywa, machozi yanatutoka. Maneno tuliyotukanwa siku ile yalirekodiwa pia, nayo ilibidi niyakate.

Mwezi wa kumi wa mwaka wangu nikarudi Igombe na gemu. Simu ya Mama Nyamizi iliipokea kabla hajamaliza kuniuliza habari za nyumbani, na mjukuu akabaki mahali pake, sasa ana meno mawili. Mama Nyamizi akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, akacheza, mvua ikamkuta, akapoteza mzigo wote. Akacheza tena, akapoteza. Mara ya tatu akainua uso, amekunja ndita.

"Turubai liko wapi?"

"Turubai gani, mama?"

"La kufunikia! Unadhani mimi naanua vichanja sita peke yangu? Vitatu naanua, vitatu nafunika. Huyu mwanamke wako wa kwenye simu hana akili."

Wenzake wakamuunga mkono kwa sauti. Nikafungua laptopu palepale juu ya mapaja, nikachora turubai, mstatili wa kijani, nikaandika mistari michache ya programu, nikajaribu, nikamrushia tena. Chai niliyokuwa nimekaribishwa ilikuwa bado ya moto. Kwa Kubwa, kwenye mashine ile, ningerudi Mirongo na kuja wiki iliyofuata. Mama Nyamizi akacheza. Upepo ukageuka ndani ya simu, akaanua vitatu, akafunika vitatu, mvua ikapita, dagaa wote wakavu. Alipiga kigelegele kilichowainua korongo wote wa mwalo ule.

Gemu ilikamilika ikiwa imebaki wiki tatu kabla ya mwaka wangu kwisha. Nilikwenda steshenari kumwambia bosi wangu kwamba nafasi yangu ampe mtu mwingine. Alinipa mkono, kisha akaomba nimwekee kwenye simu, akaniambia nisimwambie mtu. Nimeishi kwa kazi hii tangu wakati huo, si kwa utajiri, lakini kwa amani. Ila nikiulizwa ni siku gani nilijua nimekuwa nani, sitaji siku hiyo.

Nataja siku ya turubai, baada ya kile kigelegele. Simu ilitoka kwa Mama Nyamizi ikaenda kwa jirani yake, kutoka kwa jirani ikaenda vichanja vya mbali, watu wakaisogelea, wakaanza kubishana: anza na cha kushoto, hapana, subiri usikie bati kwanza, wewe hujui, lete hapa. Mwanzoni nilitaka kuwaeleza. Nilifungua mdomo mara mbili. Hakuna aliyekuwa akiniuliza kitu. Walikuwa wanafundishana wenyewe, na nusu ya mbinu walizokuwa wanapeana mimi niliyeitengeneza sikuwa nazijua. Nilikaa juu ya jiwe na laptopu yangu imefungwa, nimeachwa kabisa, na sikumbuki kama nimewahi kuwa na raha ya namna ile. Mama Nyamizi, ambaye alikuwa ameipata simu yake tena kwa nguvu, akasema bila kuinua macho:

"Kabula, kama umekaa tu, nenda kanigeuzie dagaa upande ule."

Nikavua viatu, nikachukua reki, nikaenda kugeuza.